Filamu Yetu Ilifika Wapi? Njia ya Oscar, Hatua kwa Hatua

Kila unapokaribia mwezi wa Machi, makundi ya WhatsApp ya Unguja na Pemba hujaa habari za Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, na nyingi zimepinda. Mmoja ataandika kwamba filamu ya Zanzibar, Vuta N'Kuvute, iliwahi kuteuliwa. Mwengine atamjibu kwamba haikuteuliwa tu, ilishinda, ila Wazungu wakaficha. Wa tatu atakumbusha kwamba Freddie Mercury, yule muimbaji mtoto wa Mji Mkongwe, anayo Oscar yake. Wa nne atauliza kwa nini ZIFF, tamasha letu la filamu, haipeleki washindi wake huko moja kwa moja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo sahihi, lakini kila moja limezaliwa na jambo la kweli, na ndiyo maana mabishano hayaishi.

Tuanze na mwenye shughuli. Oscar hutolewa na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, iliyoundwa Los Angeles mwaka 1927. Si idara ya serikali, si kampuni ya televisheni, wala si jopo la wahakiki wa magazetini. Ni chama cha watu wa kazi hiyo: waigizaji, waongozaji, waandishi, wapiga picha, wahariri, watunzi wa muziki, mafundi wa sauti, wabunifu wa mavazi. Mtu hajiungi kwa kulipa ada tu, hualikwa. Wenye haki ya kupiga kura sasa ni kama 10,000, na ingawa wengi wako Marekani, wamo pia wa nchi nyingi nyengine. Sherehe yao ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood, ikamalizika kwa dakika kama 15, na majina ya washindi yalikuwa yameshatangazwa miezi mitatu nyuma. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema "dunia imeamua filamu bora ya mwaka", mpunguzie kidogo: ni wanachama wa chama kimoja waliopimana na kupigiana kura. Kura yenye hadhi kubwa, sikatai, lakini ni kura ya chama.

Hapo ndipo tunapoachana na ZIFF. Tamasha letu la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ni tamasha khasa. Watu wanakwenda Ngome Kongwe, wanakaa kwenye ngazi za mawe, wanaziangalia filamu zenyewe, na majaji wachache waliochaguliwa huzitazama, hukaa pamoja, hubishana, kisha huamua nani apewe Jahazi la Dhahabu. Mtayarishaji hupeleka filamu yake mwenyewe, bila ya kupitia kwa serikali yoyote. Usiku wa Oscar hakuna filamu inayoonyeshwa. Wapiga kura hawakutani chumba kimoja; kila mtu kwao, na kompyuta yake. Ndiyo maana ZIFF haina mlango wa nyuma wa kumpitisha mshindi wa Jahazi la Dhahabu mpaka kwenye uteuzi wa Oscar. Ni taasisi mbili mbali mbali, na kazi zao hazifanani.

Sasa tuje kwenye filamu yetu. Vuta N'Kuvute iliongozwa na Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, na ilipigwa hapa hapa Unguja. Hadithi ni ya miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza: Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyofungishwa, na Denge, kijana wa siasa za ukombozi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Toronto, Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar katika kundi la Filamu Bora ya Kimataifa, kwenye tuzo za 95, ambazo sherehe yake ilikuwa Machi 2023.

Ilipelekwa. Hapo ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa, kwa sababu magazeti na kurasa za mitandaoni ziliandika "yaingia Oscar", na kila msomaji akaingia nayo alikotaka. Katika kundi hili filamu hupita hatua nne. Kwanza nchi inaipeleka, na Akademia inakagua kama imetimiza masharti. Mwaka ule zilikubaliwa filamu za nchi na maeneo 92. Pili, mwezi wa Disemba, hutangazwa orodha fupi ya filamu 15. Tatu, mwezi wa Januari, kati ya hizo 15 huteuliwa tano. Nne, mshindi mmoja. Kuteuliwa, kwa maana wanayoitumia wenyewe, ni hatua ya tatu, na ndiyo inayompa mtu haki ya kuandikwa "mteule wa Oscar" mpaka kufa kwake. Vuta N'Kuvute ilifika hatua ya kwanza. Kwenye orodha fupi ya Disemba 2022 kutoka Afrika iliingia The Blue Caftan ya Morocco, na mwisho wa safari tuzo ilikwenda Ujerumani kwa All Quiet on the Western Front.

Mimi sioni aibu katika hatua ya kwanza. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania: Maangamizi ilipelekwa mwaka 2001. Lakini tunaijaza sifa isiyokuwa yake halafu tunaona haya pale mtu wa nje anapotusahihisha, na hilo halimsaidii muongozaji wala waigizaji, ambao kazi yao inatosha kusifiwa kwa ilivyo.

Nani anayepeleka? Wengi hudhani Akademia hutuma watu kuzunguka dunia wakitafuta filamu nzuri. La. Kila nchi inatakiwa iwe na kamati ya uchaguzi inayotambuliwa na Akademia, yenye watu wa fani ya filamu, na kamati hiyo huchagua filamu moja tu kwa mwaka. Moja. India, inayotoa filamu kwa mamia kila mwaka, nayo hupeleka moja. Kwa wenzetu wakubwa hii ni adhabu. Kwetu sisi ni nafuu, maana mlangoni tunasimama sawa nao. Filamu iwe ndefu, dakika zaidi ya 40. Iwe imetengenezwa nje ya Marekani. Iwe imeonyeshwa katika ukumbi wa senema wa biashara nje ya Marekani kwa siku saba mfululizo, watu wakilipa kiingilio. Na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yawe kwa lugha isiyokuwa Kiingereza.

Sharti hilo la ukumbi si jepesi kama linavyosomeka, khasa kwa visiwa ambavyo majumba yake ya senema ya zamani yamebaki kuwa majengo ya kuonyeshana. Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi wazee wetu wanazikumbuka kwa foleni za Sikukuu. Filamu ikitengenezwa Unguja leo, mtayarishaji wake lazima afikirie mapema ataitia wapi wiki nzima kwa kiingilio, na maonyesho ya tamasha peke yake hayahesabiwi.

La lugha ndilo lililowaunguza Wanigeria. Mwaka 2019 nchi hiyo ilipeleka Oscar kwa mara ya kwanza, filamu ya Lionheart ya Genevieve Nnaji, na Novemba mwaka ule ule ikaondolewa. Sababu: karibu mazungumzo yote yalikuwa Kiingereza, na Igbo ilikuwa ya dakika kama 11 tu. Watu walipiga kelele, na walikuwa na hoja, kwani Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Nigeria na hawakukichagua wao. Sheria ilibaki pale pale. Kwa upande wetu Kiswahili ni mtaji. Filamu ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya mjini hapa Unguja, wanaozungumza kama wanavyozungumza watu wa Ng'ambo haina hofu na sharti hili. Yenye hofu ni ile ya muongozaji anayewalazimisha wahusika wake waseme Kiingereza akidhani ndiyo tiketi ya kimataifa.

Na uraia wa filamu? Hapa ndipo penye maajabu. Afrika imeshashinda kundi hili mara tatu: Algeria kwa filamu Z, ya mwaka 1969, Côte d'Ivoire kwa Black and White in Color, ya 1976, na Afrika Kusini kwa Tsotsi, ya 2005. Lakini Z inazungumza Kifaransa, inahusu siasa za Ugiriki, na imeongozwa na Costa-Gavras, mzaliwa wa Ugiriki aliyehamia Ufaransa. Black and White in Color nayo iliongozwa na Mfaransa, Jean-Jacques Annaud. Zilihesabiwa za Afrika kwa sababu nchi za Afrika ndizo zilizozipeleka. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Vuta N'Kuvute, yenye mitaa ya Unguja, wimbo wa Unguja na mtunzi wa Unguja, iliandikwa "Tanzania", jibu ni hilo: iliandikwa kwa jina la aliyeipeleka. Hapa nyumbani tuna Baraza letu la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Bara wana Bodi yao ya Filamu, lakini Oscar filamu iliingia kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Waliofuatilia kisa cha CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka 2017, tulipopokewa uanachama mwezi wa Machi na kuondolewa mwezi wa Julai, hawatashangaa.

Jambo moja zaidi juu ya kundi hili, maana limeleta dhana mbaya: kwamba filamu ya Kiswahili imefungiwa chumba cha wageni na haiwezi kugusa tuzo nyengine. Inaweza. Filamu ya lugha yoyote, ikionyeshwa ukumbini siku saba mfululizo katika mmoja wa miji sita ya Marekani inayokubalika, Los Angeles na New York ikiwa miongoni mwao, inaruhusiwa kuwania tuzo nyingi za kawaida, kuanzia uigizaji hadi mavazi. Tuzo ya Filamu Bora imeongezewa masharti yake mengine, lakini lugha si mojawapo. Parasite ya Korea Kusini iliibeba Filamu Bora mwaka 2020, ya kwanza isiyokuwa ya Kiingereza kufanya hivyo. Na Kiswahili chenyewe kimeshasikika huko: Watu Wote, filamu fupi iliyotengenezwa Kenya na wanafunzi wa skuli moja ya filamu ya Ujerumani, iliteuliwa mwaka 2018 katika kundi la filamu fupi, ambalo halina habari ya nchi kabisa. Iliteuliwa kweli kweli, ile hatua ya tatu.

Sasa kura. Uteuzi hufanywa kwa fani: waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, watunzi wa muziki huteua muziki. Filamu Bora peke yake huteuliwa na wanachama wote. Baada ya uteuzi, duru ya mwisho ni ya wote kwa tuzo zote. Fundi wa sauti humpigia kura muigizaji na muigizaji humpigia kura fundi wa sauti, jambo ambalo binafsi naliona ni kichekesho, lakini ndivyo walivyokubaliana.

Katika tuzo nyingi, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi. Ila Filamu Bora ina hesabu yake. Zinashindana filamu 10, na mpiga kura hachagui moja, huzipanga kwa namba: hii ya kwanza, hii ya pili, mpaka ya kumi.

Chukua vijana 11 wa maskani moja wanaokwenda Forodhani usiku, wameshachangishana, na wamekubaliana wale kitu kimoja. Watano wanaanza na pizza, wanne wanaanza na urojo, wawili wanaanza na pweza. Kwa kura ya kawaida pizza imeshinda, ingawa sita kati yao hawakuitaka. Kwa kura ya kupanga, hakuna aliyepita nusu, yaani sita, kwa hiyo anatolewa wa mwisho, ambaye ni pweza. Kura zake mbili hazitupwi. Zinahamia kwenye chaguo la pili la wenyewe, na wote wawili nambari mbili wameandika urojo. Urojo una sita, pizza ina tano. Wanakwenda kula urojo.

Filamu 10 hufanyiwa hivyo hivyo, ya chini ikitolewa na kura zake kuhamishwa, duru baada ya duru, mpaka moja ipite nusu. Utaratibu huu umetumika tangu tuzo za filamu za mwaka 2009, walipoongeza idadi ya zinazowania. Matokeo yake ni kwamba filamu yenye mashabiki wakali na maadui wengi hukwama, na ile ambayo karibu kila mtu ameiweka ya pili au ya tatu huchomoza. Ndiyo maana mara nyingi unasikia "hii ndiyo imeshinda?" Hakuna aliyeiba kura. Wengi waliiona inafaa, hata kama si wengi walioipenda kupita zote.

Kama kuna dhulma, mimi ningeitafuta mahali pengine: nani anapata kutazamwa. Filamu 92 ni nyingi. Wanaochuja mpaka 15 ni wanachama waliojitolea kwa kazi hiyo, wana shughuli zao, na filamu huziona kwenye mtandao maalumu wa Akademia. Mwanachama ataanza na ipi? Ile aliyokwishaisikia. Na ataisikia wapi? Kwenye matangazo, maonyesho ya mwaliko, chakula cha jioni na muongozaji, mahojiano. Hiyo ni kampeni, na kampuni kubwa humwaga mamilioni ya dola kwa msimu mmoja. Filamu iliyotengenezwa Unguja kwa bajeti ya kubana inafika mlangoni sawa na Ujerumani, kama nilivyosema, lakini ikishaingia ndani haina wa kuitangaza. Hata sharti jipya, lililoanza na tuzo za 98 na linalomtaka mpiga kura awe ameziangalia filamu zote za kundi kabla ya kupiga kura ya mwisho, linawafaa waliokwishateuliwa. Kwa walio nje ya orodha fupi halibadilishi kitu.

Freddie sasa. Kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na hilo halina ubishi. Nyumba inayotajwa kuwa yao watalii hupiga picha mlangoni kila siku. Alifariki mwaka 1991. Filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody, ilizoa Oscar nne mwaka 2019: ya muigizaji bora, ya uhariri na mbili za sauti. Aliyepewa ya uigizaji ni Rami Malek, Mmarekani wa asili ya Misri, kwa kumuigiza yeye. Freddie mwenyewe hana. Wala wimbo wake wa Bohemian Rhapsody usingeweza kuwania, kwani tuzo ya Wimbo Bora hutaka wimbo uwe umetungwa kwa ajili ya filamu hiyo, na ule ulikuwa ukipigwa redioni tangu mwaka 1975. Anayetaka fahari ya jirani iliyo halali kabisa ampokee Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyeshinda mwaka 2014 kwa kuigiza katika 12 Years a Slave.

Yule wa "Wazungu wakaficha" naye nimjibu kwa ufupi. Kura huhesabiwa na kampuni ya wahasibu, na matokeo hukaa katika bahasha zilizofungwa. Mwaka 2017 bahasha ilikosewa mbele ya kamera: La La Land ikatangazwa kuwa Filamu Bora, wenyewe wakapanda jukwaani na kuanza kushukuru, kisha ikaonekana mshindi ni Moonlight. Kosa lilirekebishwa pale pale dunia ikitazama. Watu walioshindwa kuficha lile hawakuwa na sababu ya kuificha Vuta N'Kuvute.

Limebaki la pesa, maana nalo huulizwa: mshindi hulipwa ngapi? Halipwi kitu. Hupewa sanamu ya shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu, urefu sentimita 34, uzito karibu kilo nne. Faida huja baadaye, kwa mikataba na tiketi. Na asifikirie kuipeleka kwa sonara, kwa sababu tangu mwaka 1950 washindi husaini kwamba hawataiuza kabla ya kuipa Akademia nafasi ya kuinunua kwa dola moja. Kwenye kundi la Filamu ya Kimataifa kuna nyongeza yake: tuzo imekuwa ikihesabiwa kuwa ya nchi, muongozaji akiipokea kwa niaba, na mpaka mwaka 2014 hata jina lake halikuwa likiandikwa kwenye kibao cha sanamu. Kwa hiyo siku filamu ya Unguja itakaposhinda, kabla ya shangwe kumalizika, tutakuwa na mjadala mwengine kabisa wa kuendesha humo makundini: sanamu ya nchi ikae Vuga au iende Dodoma.